Aya Niliyomshauri Aifute

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mto Sebeya ulivunja kingo zake. Watu zaidi ya 130 walipoteza maisha katika mikoa yetu ya Magharibi na Kaskazini, na hapa Rubavu, kuanzia Nyundo hadi Rugerero, nyumba za kando ya mto zilijaa tope au zikaenda na maji. Rafiki yangu alikuwa kidato cha sita, mitihani ya taifa ikiwa imebaki miezi michache. Nyumba yao ilianguka. Shangazi yake, aliyekuwa amelala chumba cha nyuma, hakutoka.

Alipokuja kuomba nafasi ya kusoma sheria, pamoja na ufadhili, alitakiwa kuandika barua ya kujieleza. Aliniletea niisome, kwa kuwa nasoma lugha, na watu hudhani kwamba msoma lugha anajua barua zote. Aya ya tatu ilisema kwamba baada ya mafuriko hakuweza kulala mvua ikinyesha, kwamba alisikia maji ukutani hata wakati wa kiangazi, kwamba alitibiwa kwa miezi kadhaa katika kliniki ya afya ya akili, na kwamba ndiyo sababu alama zake za mwisho hazifanani na zile za miaka ya nyuma. Nilimwambia aifute. “Watakuona mgonjwa wa akili,” nilisema, na neno lenyewe nililitamka kwa sauti ya chini ingawa tulikuwa wawili tu. Aliifuta. Akapokelewa.

Naandika habari hii kwa ruhusa yake. Aliomba nibadilishe mambo mawili ili asitambulike, nami nimeyabadilisha. Swali langu ni hili: je, nilimfundisha mwanasheria mtarajiwa kusema uongo katika ukurasa wa kwanza kabisa wa kazi yake?

Wahenga hawanisaidii. Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Halafu wanageuka na kusema penye kuku wengi usimwage mchele. Kila upande una methali yake. Msaada zaidi nimeupata katika vitenzi vyenyewe. Kiswahili kina kudanganya, kina kuficha, na kina kusitiri. Anayedanganya anampa mwenzake kitu kisicho cha kweli. Anayeficha anazuia kitu ambacho pengine mwenzake anastahili kukijua. Anayesitiri anafunika kisichomhusu mtazamaji, na hapo tunamsifu. Anayemsitiri mgonjwa kwa shuka hatumwiti mwongo. Basi swali linakuwa: aya ile ilikuwa ya kufichwa au ya kusitiriwa? Jibu linategemea kama aliyeuliza alistahili kujua.

Mwanafalsafa anayetajwa mara nyingi kuwa mkali kuliko wote juu ya uongo ni Immanuel Kant, aliyedai kwamba hatuna ruhusa ya kudanganya hata kwa nia njema. Mwaka 1791 mwanamke kijana wa Austria, Maria von Herbert, alimwandikia barua. Alikuwa amemweleza mpenzi wake siri ya zamani, mpenzi akapoa, naye akawa anafikiria kujiua. Kant alimjibu mwaka uliofuata kwa kutofautisha mambo mawili: kukosa ukweli, na kutosema yote. Kila tunachosema lazima kiwe cha kweli, lakini si kila kilicho cha kweli lazima tukiseme. Nilipofika hapo nilifurahi, nikaona nimepata wakili.

Lakini habari haikuishia hapo. Maria aliendelea kuandika, na mwaka 1793 Kant alizituma barua zake kwa msichana mwingine, binti wa rafiki yake mfanyabiashara, ziwe mfano wa kumwonya juu ya akili inayopotea njia. Mwanamke alifungua moyo wake kwa mtu mmoja aliyemwamini, na moyo ule ukawa somo la adabu katika nyumba asiyoijua. Mwaka 1803 Maria alijiua. Sidai kwamba kitu kimoja kilileta kingine. Nasema tu kwamba aliyefundisha vizuri zaidi juu ya msemaji hakufikiria vya kutosha juu ya mpokeaji.

Hapo ndipo naona kosa katika jinsi tunavyojadili jambo hili darasani. Tunauliza kama mwombaji awe mkweli. Hatuulizi barua itasomwa na nani, itahifadhiwa wapi, na kwa muda gani. Sheria yetu ya mwaka 2021 ya kulinda taarifa binafsi inahesabu hali ya afya kuwa taarifa nyeti, na Katiba, kifungu cha 16, inakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu wa mwili au wa akili. Ni maneno mazuri. Mwombaji wa miaka kumi na tisa anayejaza fomu kwenye duka la intaneti mjini, huku nyuma yake wengine wakisubiri zamu, hayaoni popote kwenye ukurasa ule.

Mtu atanijibu kwamba sheria si kazi kama nyingine, kwamba wakili hushika mali na uhuru wa watu, hivyo wanaomfungulia mlango wana haki ya kujua kama akili yake ni timamu. Hoja hii si ya kudharauliwa. Marekani waliishika kwa miaka mingi: aliyetaka uwakili aliulizwa katika majimbo kadhaa kama amewahi kutibiwa ugonjwa wa akili. Mwaka 2014 Wizara ya Sheria ya nchi hiyo iliafikiana na Mahakama ya Juu ya jimbo la Louisiana kwamba waulize juu ya mwenendo wa mtu, si jina la ugonjwa wake. New York iliondoa swali lake mwaka 2020. Naona walifika mahali sahihi. Wakili anayekula fedha za mteja huenda hajawahi kumwona daktari wa akili maishani. Na mtu aliyejipeleka mwenyewe kliniki, akatumia dawa, akarudi kwenye mtihani, ameonyesha busara ambayo ningependa wakili wangu awe nayo.

Hoja inayonisumbua zaidi ni nyingine: kama kila mmoja atasitiri, aibu itakufa lini? Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba karibu Mnyarwanda mmoja kati ya watano ana tatizo la afya ya akili, na kwa manusura wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi idadi ilizidi nusu. Sisi si wageni wa jambo hili. Kila mwaka kuanzia tarehe 7 Aprili, mtu anapopatwa na ihahamuka katika kumbukumbu, wahudumu humshika mkono, humpeleka pembeni, hukaa naye. Hakuna anayemwita kichaa. Kumbe tunajua kumpokea mtu wa namna hii, na tumelijua hilo kwa gharama kubwa. Ila uangalizi ule tunauacha uwanjani. Likiandikwa kwenye fomu miezi michache baadaye, jambo lilelile linakuwa dosari.

Hata hivyo sikubali kwamba wa kuanza kuvunja ukimya ni yule ambaye ufadhili wake unaning’inia. Waanze waliokwisha vaa joho, wenye ofisi na majina.

Kwa hiyo nilikuwa sahihi? Ningependa kusema ndiyo. Lakini mwaka wake wa pili, katika mvua za Aprili, alikaa usiku tatu bila kulala, akakosa jaribio. Mhadhiri alipomuuliza, alisema alikuwa na malaria. Alipewa pole na jaribio jingine. Malaria haina aibu. Safari hii haikuwa kusitiri hata kidogo, ulikuwa uongo mtupu, na naujua ukoo wake: ni mjukuu wa ushauri wangu. Angeweza kuandika kwamba mafuriko yalichukua nyumba na mtu wao, kwamba aliumia, akatibiwa, akasimama tena. Hiyo ilitosha kueleza alama, na ingeacha mlango wazi wa kuomba msaada baadaye. Mimi sikutafuta sentensi ya kati. Nilishika kalamu nikakata aya nzima, na nikijichunguza, sikuwa namlinda yeye peke yake. Niliona haya mimi, kwa niaba yake, na hakuwa ameniomba.

Wiki iliyopita ameniletea barua nyingine, ya kuomba mafunzo ya kazi katika ofisi ya msaada wa kisheria. Aya ya tatu imerudi, fupi zaidi, bila jina la ugonjwa. Aliniuliza kama aiache. Nilimuuliza ni nani atakayeisoma. Akasema hajui. Basi nilimwambia apige simu kwanza, awaulize.