Ufunguo wa Kabati la Ubatizo

Katika biro ya kila parokia pana kabati. Humo vimo vitabu vya ubatizo, vya ndoa na vya marehemu. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 535, yaagiza kila parokia iwe na vitabu hivyo, na Paroko aangalie viandikwe sawasawa na kutunzwa vema. Wala si karatasi tupu. Kijana akitaka kufunga ndoa Uvira au Bukavu, kwanza huulizwa cheti cha ubatizo. Na sisi wa bonde la Ruzizi twalijua jambo hili kuliko wengine. Wengi wetu tumekimbia nyumba zetu, tena si mara moja. Tuliporudi tulikuta hati zetu zimeteketea. Aliyeandikwa jina lake katika kitabu cha parokia aliweza kuanza tena. Wazee walisema: Mali bila daftari huisha bila habari. Je, roho za watu, zilizo bora kuliko mali, zikose daftari?

Siku hizi parokia nyingi zaanza kuandika majina hayo katika kompyuta pia. Hapa kwetu Luvungi, neno hilo lilipoletwa mbele ya baraza, tulidhani shida ni kompyuta yenyewe na umeme wa jua wa kuiendesha. Kumbe shida ilikuwa nyingine. Kompyuta pasipo programu ni kama jembe lisilo na mpini. Na programu hupatikana kwa njia tatu, ndipo mabishano yalipoanza.

“Tuchukue iliyo rahisi,” alisema mzee mmoja. “Parokia haina fedha.”

“Mzee wetu,” akajibu mwalimu mmoja kijana, “iliyo rahisi leo yaweza kuwa ghali kesho.”

“Basi, mwanangu, utueleze.”

Mwalimu alieleza, nami nimeyafikiri maneno yake siku nyingi. Nayaandika hapa, kwa kuwa naona swali hili si la mafundi peke yao. Ni swali la haki na la busara, na Mkristu apaswa kulijibu kwa dhamiri yake.

Tazameni mfano wa nyumba. Mtu aweza kukaa katika nyumba ya kupanga, akalipa kila mwezi. Aweza kununua nyumba, akalipa mara moja. Tena aweza kukaa katika nyumba iliyojengwa kwa salongo, watu wengi wakitoa nguvu zao, na ramani ya nyumba ikaachwa wazi ili kila mtu aisome, aitengeneze, hata ajenge nyingine kama hiyo kwa ndugu zake. Programu ni hivyo hivyo. Ya kwanza hulipiwa abonema, kama ile ya televisheni: fedha ikiisha, picha yapotea. Ya pili hununuliwa mara moja. Ya tatu ni programu huria, ambayo maandishi yake ya ndani, yaani ramani yake, hayafichwi.

Njia hii ya tatu si ndoto. Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alitangaza kazi aliyoiita GNU, ili watu wapate programu ambazo kila mtu ana ruhusa kuzisoma, kuzibadili na kuzigawa. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki katika nchi ya Finland, alianzisha Linux. Na mwaka 2004, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilitolewa programu ya kuandikia barua na hesabu iliyosema Kiswahili, jina lake Jambo OpenOffice. Wale wa Dar es Salaam hawakumwomba tajiri yeyote ruhusa ya kuingiza lugha yetu. Ramani ilikuwa wazi. Walishika kazi wakaifanya.

Sasa tuzipime njia zote tatu bila upendeleo.

Je, kulipisha watu kila mwezi ni dhuluma? Hapana. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, alipofundisha juu ya riba, alitofautisha vitu vya namna mbili. Divai na ngano huisha zinapotumiwa. Huwezi kuuza divai, kisha ukadai tena malipo kwa kuinywa. Lakini nyumba haiishi kwa kukaliwa, kwa hiyo mwenye nyumba aweza kubaki na mali yake na kupokea kodi kwa haki. Programu yafanana na nyumba kuliko divai. Mwenye kuitunza, akirekebisha makosa yake kila siku, astahili malipo. Na mpangaji ana faida: aanza kwa fedha kidogo, na paa likivuja si kazi yake kuliziba.

Lakini mpangaji hana neno juu ya kodi. Mwezi wa Januari 2025, huko Marekani, kampuni ya Microsoft ilipandisha abonema ya mtu mmoja kutoka dola 70 hivi kwa mwaka hadi dola 100 hivi. Mwenye nyumba ana ruhusa kupandisha kodi, na mpangaji ana ruhusa kuhama. Swali ndilo hili: je, akihama, aweza kuondoka na vyombo vyake? Au vyombo vitabaki ndani, mlango umefungwa?

Nasi tumeona jambo jingine. Mwezi wa Februari 2025, vita vilipofika Bukavu, mabenki yalifunga milango. Mtu alikuwa na fedha yake benki, lakini hakuweza kuigusa. Fikirini parokia ambayo kabati lake la ubatizo hufunguka kwa malipo ya kila mwezi yapitayo benki na intaneti. Siku ile ambayo watu wanakimbia na kuhitaji hati kuliko siku zote, ndiyo siku kabati lagoma kufunguka. Hakuna aliyetenda dhambi. Lakini waliokabidhiwa ulinzi wangeulizwa: kwa nini mliweka ufunguo mbali hivi?

Kununua mara moja kwaonekana salama zaidi. Ulicholipia kinakaa, hata pasipo intaneti. Kwa baraza lenye akiba kidogo hii ni njia njema, na muuzaji amepata haki yake. Ila tusidanganyike kwamba kununua mara moja ni kununua milele. Programu za Office za mwaka 2016 na 2019 ziliachwa bila matengenezo tangu tarehe 14 Oktoba 2025. Zaendelea kufunguka, lakini zikiingiliwa na wezi hakuna fundi atakayekuja, kwa kuwa ramani imefichwa na mwenye ramani amekwisha kwenda kazi nyingine.

Na programu huria? Hapa watu wengi hukosea kwa ajili ya neno moja. Kilatini chatenga vizuri: kitu *gratis* ni kitu kisicho na bei, kitu *liber* ni kitu kilicho huru. Programu huria mara nyingi haina bei, lakini utukufu wake ni uhuru. Mwaka 2010 programu ya OpenOffice iliingia mikononi mwa mwenye mali mpya. Wengi wa watengenezaji hawakuridhika, wakaichukua ramani iliyo wazi, wakaendelea na kazi kwa jina jipya, LibreOffice. Nyumba ya kupanga isingewaruhusu hayo. Hata hivyo uhuru una jasho lake. Mwaka 2014 kosa kubwa lilivumbuliwa katika OpenSSL, programu huria inayolinda siri za sehemu kubwa ya intaneti duniani. Ndipo watu walipojua kwamba wachache tu walikuwa wakiitunza, na michango waliyopewa kwa mwaka ilikuwa kama dola 2,000. Ulimwengu mzima ulikaa katika nyumba ya salongo, na karibu hakuna aliyeleta hata tofali moja.

Kumbe programu huria yaomba mambo mawili: kijana wa parokia ajifunze kuitunza, na parokia itoe kidogo kwa waliojenga. Asiyetaka kutoa chochote, wala fedha, wala kazi, wala shukrani, huyo amekula jasho la wengine kimya kimya.

Sasa nafika kwenye njia ya nne, ambayo katika baraza hakuna aliyeitaja kwa sauti, ingawa wote tulikuwa tukiifikiri. Mjini kuna vibanda ambapo kwa dola chache utawekewa programu yoyote ya thamani, iliyovunjwa kufuli. Nitasema ukweli: mimi mwenyewe niliwahi kutumia moja ya namna hiyo. Nilijiambia ni kwa kazi ya Mungu. Baada ya miezi michache ugonjwa uliofichwa ndani yake uliharibu orodha nzima ya watoto wa kipaimara, nikaanza upya kuzunguka shirika moja baada ya jingine na daftari mkononi. Lakini msinielewe vibaya. Lingekuwa kosa hata kama orodha ingesalimika.

Mtu atasema: “Katekista, tajiri wa ng’ambo hapungukiwi kitu nikinakili. Si Mtakatifu Agostino aliyefundisha kwamba kitu kisichopungua kwa kugawiwa hakishikwi ipasavyo na yule anayekinyima wengine?” Kweli alifundisha hivyo. Lakini alimwambia aliye nacho, ili atoe. Hakumwambia asiye nacho anyang’anye. Mwingine atasema: “Tomaso alifundisha kwamba mwenye shida ya mwisho, akichukua kinachohitajiwa kwa uhai wake, hajaiba.” Hilo nalo ni kweli. Lakini shida hiyo ni ya mtu afaye njaa asiye na njia nyingine. Je, sisi hatuna njia nyingine? Nyumba ya salongo iko wazi mbele yetu, mlango haukufungwa. Mtu anayeruka ukuta wa jirani usiku, hali nyumba ya ndugu zake imemkaribisha, hawezi kutaja njaa yake. Na watoto watafundishwa vipi amri ya saba na mtu ambaye orodha ya majina yao ameiandika kwa chombo cha wizi?

Baraza letu liliamua hivi. Kitabu cha wino kitabaki cha kwanza, kama Kanisa litakavyo. Katika kompyuta tutatumia programu huria, na majina tutayahifadhi kwa namna ambayo programu nyingine yoyote yaweza kuyasoma. Nakala moja itawekwa mahali pengine, mbali na parokia. Na sehemu ya fedha ambayo tungelipa kwa abonema apewe kijana mmoja kama posho, ajifunze na kuwafundisha wengine wawili, kwa maana mtu mmoja ni kidogo.

Sisemi kila parokia ifanye hivyo. Penye intaneti ya hakika na mtunza hazina mwaminifu, kupanga kwaweza kuwa busara. Kila baraza lijiulize mambo matatu kabla ya kuuliza bei: Siku tutakaposhindwa kulipa, ufunguo utakuwa mkononi mwa nani? Chombo kikiharibika, nani aweza kukitengeneza? Na waliokitengeneza, tumewapa haki yao?

Ndugu wasomaji, majina yaliyo katika kabati lile si mali yetu. Ni ya watoto waliozaliwa upya kwa maji na Roho, nasi ni walinzi tu. Mlinzi mwaminifu hauweki ufunguo mahali asipoweza kuufikia, wala hafungui kwa ufunguo wa kuiba.

Tusifu Yesu Kristu.