Mnampeleka Wapi Mtoto?

Mwaka mmoja, likizo ya Agosti, katika ploti tuliyopanga huku Kisauni, nilimkuta binti wa miaka tisa amekaa juu ya sanduku uani. Kavaa dera jipya, mkononi kashika paketi ya biskuti hajaifungua. Nikamwuliza mamake, "Mwasafiri?" Akanijibu bila kunitazama, "Twavuka mpaka, kwa nyanyake. Kuna shughuli." Nikasema haya, safari njema, nikaingia jikoni kwangu. Na hilo neno shughuli nalijua maana yake. Mtoto aliporudi, wenzake wakiruka kamba, yeye alikaa kizingitini akiwatazama.

Nilinyamaza kwa kuogopa kuitwa mmbea. Sisi watu wa pwani twapenda sitara, na ni tabia njema. Lakini sitara ni ya kuficha aibu ya mtu mzima, si ya kufunika jeraha la mtoto.

Aprili 2019, wakuu kutoka Kenya, Uganda, Tanzania, Ethiopia na Somalia walikutana hapa hapa Mombasa, wakakubaliana kushirikiana kukomesha ukeketaji unaovuka mipaka. Walikuwa na sababu. Kenya ilipitisha sheria yake 2011, na wanawake waliokeketwa, waliokuwa asilimia 38 mwaka 1998, walishuka hadi 15 mwaka 2022. Lakini sheria ikibana huku, watu humfuata ngariba kule isikobana. Somalia karibu kila mwanamke amekeketwa, na sheria maalumu ya nchi nzima hakuna. Ndiyo maana sheria yetu inamshika hata anayemtoa mtoto nchini akakatwe ng'ambo. Inamshika pia anayejua asiseme. Hapo niko mimi.

Waziri hamwoni mtoto aliyekaa juu ya sanduku. Utamwona wewe wa mlango wa pili, utamwona mwalimu wake wa madrasa, na kondakta anayepakia mizigo.

Basi ndugu yangu, uliza mapema, kabla nauli haijalipwa. Usiende kwa ukali. Mama huyo anampenda mwanawe. Anachohofia ni binti kukosa mume na yeye kusemwa na wakwe. Nenda na mtu mzima anayemheshimu, ikiwezekana wa kabila lake, na baba wa mtoto awepo, maana mengi hufanywa kwa jina lake naye kajitia hajui. Mama akikwambia ni dini, mwendeeni sheikh pamoja. Ali Gomaa, alipokuwa Mufti Mkuu wa Misri, alitangaza 2007 kwamba ukeketaji ni haramu. Akishikilia safari yake, mwone chifu, au piga 116, simu ya kusaidia watoto, ni bure. Atakununia. Vumilia, mwaka huu na ujao.

Na ukimwona mtoto amesharudi na hachezi, usimhoji mbele ya wenzake. Kaa na mamake faraghani, bila lawama, umwambie, "Twende naye hospitali kesho asubuhi, nitakusindikiza."