Jiandae, Kisha Simama
Mohandas Gandhi alirejea India mwaka 1891 akiwa wakili aliyesomea London. Katika kesi yake ya kwanza, kwenye mahakama ya madai madogo mjini Bombay, alisimama kumhoji shahidi, kichwa kikamzunguka, asipate hata swali moja. Akaketi, kesi akamwachia wakili mwingine. Mwaka 1893, mjini Pretoria, aliwahutubia wafanyabiashara wa Kihindi kuhusu ukweli katika biashara. Safari hii mada alikuwa ameiandaa, na maneno yakatoka.

Usingoje woga uishe ndipo uombe kipaza sauti. Ijue mada yako, hifadhi sentensi ya kwanza kichwani, vuta pumzi, salimia, kisha sema polepole. Anza na hadhira ndogo: toa shukrani za familia msibani, soma taarifa kwenye kikao cha kikundi, uliza swali kwenye mkutano wa mtaa. Mikono ikitetemeka, iache itetemeke. Watu wamekuja kusikiliza hoja, si kukagua vidole.

Wiki hii, mwenyekiti akiuliza nani ana la kusema, nyoosha mkono.