Shubiri Mbili za Bomba

Nilikuwa na miaka 19 nilipokata mkia wa ekzosi ya gari la Mwalimu, nikaupunguza kwa shubiri mbili. Sasa nina gereji yangu, na kila kijana anayekuja kujifunza kazi huwa namsimulia kisa hiki kabla sijamkabidhi spana. Kosa lenyewe halikupiga kelele wala halikuvuja kitu. Siku niliyolifanya, kila aliyepita alilisifu.

Gari lilikuwa Peugeot 504, ile ndefu ya stesheni wagoni. Walio rika langu hawahitaji kuelezwa. 504 ilianza kuuzwa Ufaransa mwaka 1968, na huku kwetu ilijengewa jina na mambo mawili: Safari Rally, iliyoishinda mwaka 1975 na tena 1978, na barabara ya Nakuru kwenda Nairobi, ambako ilipakia abiria wa matatu miaka nenda miaka rudi. Mwalimu aliinunua akiwa bado anafundisha, akaibebea viazi, mbao, wagonjwa na maharusi. Alipostaafu watu walimjia na pesa taslimu, akakataa kuiuza.

Elburgon, mji wetu, iko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, ubavuni mwa msitu wa Mau. Asubuhi za Julai ukungu hulala juu ya mabati ya viwanda vya mbao hadi saa nne, na watu huendesha magari wakiwa wamefunga madirisha yote. Baridi hiyo huila ekzosi pia. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa karibu lita moja ya maji, yakiwa mvuke. Gari likienda safari ndefu, bomba hupata moto na mvuke wote hutoka. Gari likienda sokoni na kurudi tu, mvuke hugeuka maji ndani ya sailensa na bomba huanza kuoza kutoka ndani, huku nje bado unaliona zima. Ndivyo la Mwalimu lilivyooza. Siku moja lilidondoka barabarani, kuanzia sailensa kurudi nyuma.

Alikuja Alhamisi. Mkubwa wangu alikuwa ameshuka Nakuru kutafuta vipuri, gereji nimeachiwa mimi.

"Kijana wangu," Mwalimu alisema, "Jumamosi nina safari ya Kericho, tunapeleka mahari. Utaiweza hii kazi, au nimngoje mkubwa wako?"

"Nitaiweza, Mwalimu."

Bomba jipya la 504 halikupatikana mjini, na hadi leo ukiwa na gari la zamani utazoea jibu hilo. Nilichukua bomba la gari la Kijapani lililokuwa kwenye vyuma chakavu, unene wake ukikaribiana na wa lile la zamani. Nikainua gari kwa jeki, nikaliegemeza juu ya magogo ya msonobari, nikaingia chini.

Hapo ndipo kosa la kwanza lilipofanyika, na nitalieleza taratibu kwa sababu mafundi wengi wanalifanya hadi leo. Nyuma ya gari lile kuna ekseli inayoshikwa na springi, na bomba la ekzosi hupita juu ya ekseli hiyo kabla ya kufika kwenye bampa. Ukiinua gari kwa bodi, magurudumu huning'inia na ekseli hushuka. Nafasi unayoiona juu yake ni kubwa, lakini ni ya uongo. Mimi niliipima nafasi hiyo, nikakunja bomba kwa kuifuata, nikachomelea. Niliposhusha gari, ekseli ilipanda mahali pake ikaanza kugonga bomba: ko, ko, ko.

Ingenibidi nilifungue lote nianze upya. Lakini jua lilikuwa linatua, kwa hiyo nilipasha moto kona ile nikaipandisha juu zaidi. Kona ilipopanda, mkia nao ukapanda, ukawa unagusa bampa. Nikachukua msumeno nikaukata, ukaishia chini ya sakafu ya gari, shubiri mbili kabla ya kufika nje. Hanga za mpira zilikuwa zimepasuka, nikafunga kwa waya. Mwisho nikapaka rangi ya fedha. Niliwasha injini nikasikiliza: kimya, mlio mtamu. Mwalimu alipokuja alitabasamu, akanilipa na kuniongezea ya chai.

Jumamosi walitoka kabla ya mapambazuko. Mwalimu na mkewe mbele, shangazi wawili katikati. Nyuma kabisa magunia ya viazi, na kando ya magunia wajukuu wawili juu ya blanketi. Magunia yalizidi nafasi, mlango wa nyuma haukufunga, ukafungwa kwa kamba ya katani ukabaki wazi kidogo, kama kiganja. Nani kwetu hajasafiri hivyo? Madirisha ya mbele yalifungwa kwa sababu ya baridi.

Sasa tazama mambo yalivyokutana. Gari lenye mgongo wa wima likienda mbio, upepo hujikunja nyuma yake na kurudi ndani kupitia upenyo wowote. Mkia wa ekzosi ukiishia chini ya sakafu, upepo huo haurudi na hewa safi, unarudi na moshi. Kisha kuna kabureta. Huku juu hewa ni nyepesi, na kabureta iliyorekebishwa kwa nchi ya chini humimina petroli kupita kiasi. Petroli isiyopata hewa ya kutosha haiungui vizuri, na inachotoa kwa wingi ni kaboni monoksidi. Barabara ya Molo kwenda Mau Summit inapanda bado, injini inakazana, moshi unazidi.

Kaboni monoksidi ndiyo gesi ile ile ya jiko la makaa linaloachwa chumbani usiku wa baridi, na hakuna mtu wa Elburgon asiyejua habari ya jiko hilo. Haina rangi, haina harufu. Ikiingia mapafuni hushikana na himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara 200 na zaidi, damu ikawa inazunguka mwilini bila kubeba oksijeni ya kutosha. Aliyeivuta haoni kwamba anakosa hewa. Anaumwa kichwa, anasikia kichefuchefu, analegea, anasinzia.

Watoto walitapika kabla ya kufika Mau Summit. Nyanya yao alisema ni gari linawasumbua, wamezoea kutembea kwa miguu. Waliposimama kununua chai, wote walijisikia nafuu, hata shangazi mmoja aliyekuwa akilalamika kichwa akasema kimepoa. Laiti mtu angejiuliza kwa nini. Wakarudi garini. Walipopita njia panda ya Londiani, mjukuu mdogo, msichana wa miaka 5, alikuwa amelala. Mbele kidogo ya hapo kaka yake alimtikisa ampe ndizi, asiamke.

Mwalimu alikimbiza gari hadi kituo cha afya. Daktari wa zamu alimtazama mtoto, kisha akawatazama waliomleta, akauliza swali moja: "Nani mwingine hapa anaumwa kichwa?" Watu wazima wote wanne waliinua mikono.

"Mzee," daktari alimwambia Mwalimu, "hii si malaria. Ni moshi wa gari lako."

Mtoto aliwekewa oksijeni. Kwa hewa ya kawaida, nusu ya gesi hiyo huchukua saa nne au tano kutoka kwenye damu. Kwa oksijeni ya barakoa, muda hushuka hadi kama saa moja na kitu. Alifungua macho adhuhuri, akamwita nyanya yake. Mahari haikupelekwa siku hiyo.

Jumatatu Mwalimu alileta gari. Hakunifokea. Alimwita mkubwa wangu, akafungua mlango wa nyuma, akamwonyesha ile kamba ya katani. Upande wa nje ilikuwa na rangi yake ya katani. Upande uliotazama ndani ya gari ulikuwa mweusi. Mkubwa wangu akatoa kitambaa cheupe mfukoni, akapangusa kingo za ndani za mlango kwenye mpira, akanipa. Masizi yalikuwa yamejaa kitambaa kizima, mabichi, yanapakaa vidole.

"Hii," alisema, "ndiyo waliyokuwa wakiivuta watoto."

Nililia mbele ya wateja. Alininyamazisha kwa kunipa overoli. "Lala chini, tunaanza upya. Ulipima gari lililoning'inia. Mwalimu haendeshi gari lililoning'inia."

Kazi ilichukua siku nzima. Magurudumu ya nyuma yalipandishwa juu ya mbao nene ili uzito wa gari ubaki juu ya ekseli, na ndani tulipakia magunia manne ya viazi, kwa sababu 504 ya Mwalimu ilikuwa haiendi safari tupu. Hapo nafasi ya kweli juu ya ekseli ikaonekana: ilikuwa chini ya nusu ya ile niliyoipima Alhamisi. Mkubwa wangu alitaka ibaki nafasi ya vidole vitatu kila upande wa bomba, akaingiza vidole vyake mwenyewe kuhakikisha. Waya ulitupwa. Injini hutikisika na bomba lazima litikisike nayo. Ukilifunga kwa waya, mtikisiko wote unaishia kwenye maungio, na maungio hupasuka chini ya miguu ya abiria. Tulikata hanga mpya kwenye tairi kuukuu. Mkia tuliutoa nje ya bampa kwa upana wa kiganja, ukitazama nyuma na pembeni kidogo.

Kabla ya kuchomelea alifungua betri, akaning'iniza magunia yaliyoloweshwa maji kati ya moto na tangi la petroli. Mimi Alhamisi sikufanya hata moja kati ya hayo mawili. Sisi watu wa upande wa Molo hatuhitaji kufundishwa kuhusu petroli: tarehe 31 Januari 2009, pale Sachangwan, lori la mafuta lililopinduka liliwaka moto likaua zaidi ya watu 100. Nikikumbuka nilivyokuwa nikirusha cheche karibu na tangi lile, mwili hunisisimka.

Mwisho aliwasha injini, akaziba mdomo wa mkia kwa kitambaa kilicholowa, akaniamuru nipake maji ya sabuni kwenye kila ungio. Palipotoa povu palichomelewa tena. Tulirudia mara tatu, hadi injini ikaanza kukwama kwa kukosa pa kutolea moshi, bila povu hata moja. Kisha akapunguza petroli kwenye kabureta, akabadilisha mpira wa mlango wa nyuma kwa pesa zake. Mwalimu hakulipa chochote. Mimi nilikatwa mshahara wa mwezi, na ilistahili.

Mtoto yule alipona. Sasa ni mtu mzima, na gari lile analo yeye. Huniletea kila Julai nilikague chini.

Wewe uliye na gari la zamani, hasa lenye mlango mpana nyuma, usingoje Julai. Ukitoka kwa fundi, kabla hujalipa, pakia watu ndani, kisha inama nyuma ya gari na utazame mkia wa ekzosi unaishia wapi. Ukiwa umejificha chini ya sakafu, mwambie fundi aufungue autoe nje. Usibebe mtu na mlango wa nyuma umefungwa kwa kamba. Na wote garini wakianza kuumwa kichwa kwa pamoja, simama, fungua milango yote, mtoe mtoto kwanza.