Ghala au Chungu?

Mwaka ule baba aligoma kuuza mahindi. Mvua ilikuwa imenyesha vizuri, kila nyumba kijijini ilikuwa na mavuno, na bei ilikuwa ya kutupa. Walanguzi walipofika na mizani yao baba aliwacheka. "Yatakaa ndani mpaka Februari," alisema. "Watarudi hawa, tena mbio." Akapanga magunia 22 stoo, akafunga kufuli, ufunguo akautia mfukoni. Mama alipoomba madebe mawili ampelekee jirani aliyefiwa na mumewe, alijibiwa kwamba magunia yameshahesabiwa.

Februari ikafika na bei ikapanda kama alivyotabiri. Walanguzi nao wakarudi. Baba akafungua kufuli, akalishika gunia la kwanza kwa pembe zake ili alivute, nalo likamjia jepesi kama mto wa sufi. Ndani mlikuwa na vumbi la njano, lile analoliacha dumuzi akishatoboa punje zote na kubakiza maganda. Tulipotulia kimya tuliwasikia kwenye magunia mengine wakiendelea na kazi: kri, kri, kri.

Dumuzi ni mgeni kwetu. Asili yake ni Amerika ya Kati, na hapa Tanzania aligunduliwa kwanza upande wa Tabora, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mdudu mwenyewe ni mdogo kuliko punje ya mchele. Nguvu yake ni kwamba hana haraka. Wewe unahesabu magunia, yeye anahesabu usiku.

Wahenga walituachia neno: akiba haiozi. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja siku ile mlangoni mwa stoo, nikaiona akiba imeoza mbele ya macho yangu. Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza swali ambalo leo nakukabidhi wewe, ndugu yangu unayesoma: akiba yako umeiweka wapi, na umemwekea nani?

Yesu aliwahi kuitwa kuamua ugomvi wa mirathi. Mtu mmoja katika umati alimtaka amwambie ndugu yake wagawane urithi. Tunawajua watu hawa. Tumeketi nao kwenye vikao vya ukoo, arobaini haijaisha na tayari wanapimiana kiwanja kwa hatua. Yesu alikataa kuwa hakimu wao. Badala yake akawasimulia habari za mkulima tajiri ambaye shamba lake lilizaa sana, na Luka ameziandika katika sura ya 12.

Soma kisa kile taratibu uone jambo moja. Mkulima yule hakuiba. Hakudhulumu, wala hakuwa mvivu. Alipata mavuno halali kutoka kwenye ardhi yake, akapanga kubomoa ghala dogo na kujenga kubwa. Tatizo lake limo katika maneno yake: ni mavuno yangu, ghala zangu, nafaka yangu, nafsi yangu. Hana mke katika mpango ule, hana jirani, hana kibarua aliyemvunia, wala Mungu aliyemnyeshea mvua. Hata alipotaka mtu wa kuongea naye alijiongelesha mwenyewe. Usiku uleule roho yake ikadaiwa. Ghala lilibaki, na swali la litakuwa la nani halikupata jibu.

Sasa njoo nikuonyeshe mtu mwingine aliyeweka akiba.

Yerusalemu umezingirwa. Ni mwaka wa kumi wa mfalme Sedekia, majeshi ya Babeli yamejaa nje ya kuta, na ndani ya mji chakula kinaelekea kwisha. Nabii Yeremia yuko kifungoni katika uwanja wa walinzi, kosa lake ni kusema ukweli kwamba mji utaanguka. Anakuja binamu yake, Hanameli, na biashara ya ajabu: ninunulie shamba langu la Anathothi.

Anathothi ni mwendo wa saa moja hivi kwa miguu kutoka Yerusalemu, na wakati huo eneo lote lilikuwa mikononi mwa adui. Fikiria dalali anakuletea kiwanja ambacho jeshi la kigeni limepiga kambi juu yake, na wewe mwenyewe uko gerezani, tena umeshatangaza hadharani kwamba vita hii tutashindwa. Nani atatoa pesa?

Yeremia alitoa. Alipima shekeli 17 za fedha kwenye mizani, akaandika hati, akaita mashahidi, akatia muhuri. Taratibu zote zilifuatwa kama vile nchi ina amani na ofisi ya ardhi iko wazi. Kisha akamwagiza mwandishi wake Baruku atie hati zile katika chungu cha udongo zidumu siku nyingi, kwa kuwa Mungu alikuwa ameahidi kwamba ipo siku nyumba na mashamba vitanunuliwa tena katika nchi ile.

Yeremia hakulima shamba hilo. Mji ulianguka, yeye akachukuliwa Misri na wakimbizi wasiomsikiliza, na huko ndiko habari zake zinapoishia. Lakini fungua kitabu cha Ezra, sura ya 2, kwenye orodha ndefu ya waliorudi kutoka utumwani, ile tunayoiruka kwa sababu ni majina matupu. Katikati ya orodha utakuta watu wa Anathothi: 128. Walirudi! Wenye kijiji walirudi, na udongo ulikuwa ukiwasubiri.

Ghala na chungu, ndugu yangu. Watu wawili, wote wameweka akiba, wote wametumia akili. Mmoja aliweka kwa ajili ya kesho anayoimiliki yeye, nayo kesho hiyo haikufika. Mwingine aliweka kwa ajili ya kesho anayoimiliki Mungu, na ilipofika yeye hakuwepo, lakini hakupoteza hata shekeli moja.

Hili ndilo tumaini la Mkristo. Wapo wanaodhani ni dawa ya usingizi, kwamba tunawaambia maskini wavumilie njaa hapa ili wakale mbinguni. Hapana. Tumaini letu limesimama juu ya kaburi lililokutwa tupu alfajiri ya Jumapili, na ahadi yake ni Mungu kushuka kukaa na watu wake na kufanya vyote kuwa vipya. Mtu anayeamini hivyo hawezi kukunja mikono. Paulo aliwaandikia Wakorintho sura ndefu kuhusu ufufuo, ya 15 katika waraka wa kwanza, akaifunga kwa kuwahakikishia kwamba taabu yao katika Bwana haipotei bure. Ukigeuza ukurasa, jambo la kwanza analolisema sura ya 16 ni mchango. Kila mmoja, siku ya kwanza ya juma, atenge kitu kwa kadiri alivyofanikiwa. Kutoka kaburi tupu mpaka kapu la mchango hakuna hata nafasi ya kupumua, maana kwa Paulo anayeamini ufufuo anaonekana kwenye kiganja chake: kimefunguka.

Ukitaka ushahidi wa karibu, nenda Unguja, Mkunazini. Pale palikuwa na soko la watumwa, mahali ambapo mwanadamu alitazamwa meno na misuli kisha akatajiwa bei. Juni 1873 Seyyid Barghash alitia saini mkataba wa kufunga masoko hayo, na siku ya Krismasi mwaka uleule likawekwa jiwe la msingi la kanisa juu ya ardhi ileile. Utajiri wa biashara ile ulikuwa mkubwa kupita kiasi. Uko wapi leo? Watoto waliokuwa wakihesabiwa kama mali, baadhi yao walihesabiwa upya kama warithi wa ufalme. Cecil Majaliwa, Myao aliyeonja utumwa akiwa mtoto, mwaka 1890 aliwekewa mikono akawa kasisi. Daftari la mfanyabiashara lilikuwa limeshamwandikia bei, na kalamu ya Mungu ikaifuta. Sasa pima mwenyewe ni hesabu ipi iliyodumu.

Huenda unasema, hayo ni ya manabii na makasisi, mimi nina ada ya watoto na kodi ya nyumba. Basi twende kwenye uwanja wa kanisa letu Jumapili, baada ya ibada, wakati wa mnada.

Bibi mmoja hana noti ya kutia kwenye kapu, ameleta kuku. Mzee wa kanisa anamwinua kuku juu, miguu imefungwa kwa kamba ya mgomba. "Elfu tano! Nani anaongeza?" Kijana wa bodaboda anataja elfu saba, mwalimu anataja elfu nane, mama wa genge anamaliza na elfu kumi. Analipa, anapokea kuku, halafu anamrudisha mezani. "Uzeni tena." Kuku anapanda mnadani mara ya pili. Aliyemnunua safari hii naye anamrudisha, watu wanapiga vigelegele, na wa tatu anayemlipia anasema, "Mpelekeeni bibi mwenyewe." Saa saba mchana bibi anarudi nyumbani na kuku wake kwapani, na kanisa lina bei ya kuku watatu.

Hesabu hiyo mkulima yule wa Luka 12 hangeielewa. Kwake, kitu kikitoka kimepungua. Uwanjani petu kuku mmoja alizidi kwa sababu kila aliyemshika alijua kwamba si wa kushikilia.

Kwa hiyo inuka! Sikuambii uache kazi, wala ufunge duka ukakae kungoja parapanda. Fanya kazi kuliko jana. Lima, soma, uza, jenga. Yeremia alikuwa na fedha ya kupima kwa sababu hakuwa ameitapanya. Wala usidanganywe na wanaoigeuza sadaka kuwa bahati nasibu, kwamba utoe laki upate gari. Hilo ni ghala lilelile, limepakwa rangi ya madhabahu.

Bali wiki hii, kabla hujaomba baraka mpya, fungua mlango mmoja. Una dada wa kazi ambaye hajalipwa miezi miwili? Mlipe leo, maana Yakobo ameandika kwamba ujira uliozuiwa hupiga kelele, na masikio yanayousikia ni ya Bwana wa majeshi. Una ndugu mliyenuniana kwa sababu ya hatua tano za shamba la marehemu? Mpigie simu wewe uliye mkubwa. Shamba hilo litawazika nyote wawili na halitamkumbuka aliyeshinda kesi. Una kabati limejaa nguo za "siku moja nitavaa"? Nondo wameshaanza kuzivaa. Una ujuzi, ufundi wa cherehani, hesabu za kidato cha nne, sauti ya kuimba? Mtafute kijana mmoja umfundishe bila bei. Hizo ni hati, ndugu yangu. Zitie kwenye chungu, zifunge, na umwachie Mwenye shamba.

Utakufa kabla ya kuona matunda ya baadhi ya hayo. Ni sawa. Yeremia naye hakuwaona wale 128. Sanda haina mfuko, wote tunalijua hilo na tunalisema kila msibani. Lakini msiba ukiisha tunarudi nyumbani kushona mifuko mingine. Wewe acha kushona.

Nimalizie habari za baba. Baada ya dumuzi hakutuhubiria neno lolote, hakuwa mtu wa maneno. Msimu uliofuata mahindi yalipokauka, kabla gunia hata moja halijaingia stoo, aliniita. Miguuni pake kulikuwa na madebe mawili yamejaa mpaka juu, mahindi meupe, yamepepetwa.

"Mpelekee mama yule aliyefiwa," akasema. "Na usingoje kurudi na madebe. Yaache hukohuko."

Nilikwenda nayo moja moja, jua kali, bega likiuma, nikapishana na watu waliouliza nabeba nini. Yamepita mavuno mengi tangu hapo, na yote tuliyoyaweka stoo yameshaliwa, mengine na sisi, mengine na wadudu. Yale madebe mawili bado yapo. Najua yalipo.

Ndugu yangu, ufunguo uko mfukoni mwako. Fungua ghala wewe mwenyewe, kabla dumuzi hajakufungulia.