Utulivu wa Mwili na Nia ya Moyo

Tangu mwaka 1964, madaktari wa jimbo la Jiangsu walipoanza kuja Unguja, Wachina si wageni kwetu. Lakini mtu wa Kiembe Samaki atakaye kujifunza taichi yao, kule kuhamisha uzito wa mwili polepole kutoka mguu huu hata ule, pumzi ikishuka tumboni, hana budi kujiuliza: je, hiyo si ibada ya watu wengine? Swali ni la haki, kwani mwendo huo umefungamana na falsafa ya Dao. Walakini mizani ya amali ni nia. Nasi tuliorithi Maulidi ya Homu, ambamo safu ya wanaume hupiga magoti ikiyumba kwa taratibu, twajua kwamba kiwiliwili chaweza kuufundisha moyo kutulia. Anayeanza na asimame kwanza, magoti yamelegea, mabega yameshuka, baada ya sala ya alfajiri, si badala yake.