DARSA LA RAMADHANI, SIKU YA 12: Ulimshuku, na ikawa kweli



Jana baada ya tarawehe vijana walinizunguka pale nje, habari ni ya Ruth Chepngetich, yule mkimbiaji wa Kenya. Mmoja akaniambia, "Ustadhi, si tulisema tangu mwanzo?" Nikamwambia nitakujibu kwenye darsa.

Tarehe 13 Oktoba 2024, kule Chicago, dada yule alimaliza marathoni kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 56. Hakuna mwanamke aliyewahi kushuka chini ya saa 2 na dakika 10. Siku ileile, mbele ya waandishi, akaulizwa kuhusu wanaomshuku. Hapo hakuna kipimo kilichosema kitu. Watu walikuwa na saa mkononi, basi, na mdomo.

Kisha tarehe 14 Machi 2025 akapimwa mkojo, ikakutwa dawa ya kukojoza. Wenye presha mnaijua. Michezoni imekatazwa kwa sababu inaweza kuficha dawa nyingine. Mwanzo alisema hajui imeingiaje, baadaye akasema aliugua akameza dawa ya mfanyakazi wake wa nyumbani. Akafungiwa miaka 3. Kosa ni kosa, simtetei.

Lakini sikilizeni hapa. Wachunguzi walikuta kwenye simu yake mambo ya kutia shaka, na wakasema wataendelea kuyachunguza. Pamoja na hayo, rekodi ya Chicago hawakuifuta. Matokeo yake yote ya kabla ya 14 Machi waliyaacha yasimame. Wamehukumu walichopima. Na hawa ni watu wa riadha tu, jamani, wala hawakukaa madrasa!

Kupima hakuna ubaya. Hapa Mkwajuni nani ananunua dhahabu kwa macho? Lazima mizani. Ila sisi kwa watu tunatumia macho.

Suratul Hujurat, aya ya 12, inatutaka tujiepushe na dhana nyingi, tusipelelezane, tusisengenyane. Na Mtume (s.a.w.) alipoulizwa, itakuwaje kama ninayoyasema ndugu yangu anayo kweli? Alieleza kwamba hiyo ndiyo ghiba yenyewe. Kama hana, umemzulia. Kwa hiyo kijana wangu, kupatia kwako hakukusaidii. Ulisema kabla hujajua.

Nisijitoe. Mwaka jana kuna kijana wa hapa alirudi kutoka machimboni, ndani ya miezi michache akaezeka nyumba ya bati na pikipiki mpya juu. Nikiwa barazani, na swaumu yangu mdomoni, nikasema, "Duara lake halitoi kiasi hicho, huyu kuna kitu." Maneno mawili tu. Lakini yametoka kwa imamu, kwa hiyo yalitembea. Wiki chache baadaye mwenzake wa kuchimba akavunja naye ushirika, na safu ya mbele msikitini kijana sikumwona tena.

Alipata wapi zile pesa? Hadi leo sijui. Huenda kweli kuna kitu, huenda alipata mfuko mmoja wenye bahati, wachimbaji mnajua inatokea. Mimi niliongea bila mizani.

Leo nimemtumia ujumbe nimwombe tufuturu pamoja kwangu. Bado hajajibu. Asipokuja nitamfuata kwake kabla ya Isha, na wale wanne tuliokaa naye barazani siku ile, mnajijua, naomba tufuatane.

Ustadhi wenu.